Samaki wa nani?

Alhamisi jioni, mazoezi ya kwaya hapa Nyegezi, Mwanza. Tulikuwa tunajaribu mstari niliotunga mwenyewe: "Samaki wa ziwa letu, wamerejea mwaloni." (Mwalo ni pale mitumbwi inaposhusha samaki.) Tukaimba mara mbili. Mzee mmoja wa sauti ya nne (besi), ambaye mchana huuza dagaa Kirumba, akanyoosha mkono: "Mwalimu, samahani. Samaki wa nani?"

Kosa lilikuwa langu. Nilivuta noti kwenye "wa", na kwaya nzima ikapumua palepale. Nilikata kirai, yaani neno au maneno yanayofanya kazi moja katika sentensi, katikati, mimi ambaye asubuhi nafundisha sarufi!

"Samaki wa ziwa letu" ni kirai nomino. Neno kuu ni "samaki", na ndani yake mmekaa kirai kihusishi, "wa ziwa letu". Hiyo "wa" haisimami bila kinachoifuata. "Wamerejea mwaloni" ni kirai kitenzi, na "mwaloni" peke yake ni kirai kielezi. Ndiyo, neno moja linatosha kuwa kirai. Wanafunzi hunibishia kila mwaka.

Muziki nao una vifungu, ila kifungu cha muziki hakina neno kuu. Unakitambua kinapotua. Kikitua kwenye noti ya "so", sikio linabaki linasubiri, kama mtu aliyeuliza swali. Kikitua kwenye "do", limejibiwa. Aghalabu urefu wake ni pumzi moja.

Sasa hesabu mizani, yaani silabi, za mstari wangu: ukwapi (kipande cha kwanza) 8, utao (kipande cha pili) 8, na mkato wa katikati umeangukia pale kirai nomino kinapoisha. Mstari ulishanionyesha pa kupumulia, mimi nikanogewa na noti.

Basi nikafuta kile kistari cha kuvuta sauti kwenye "wa", nikakihamishia "le" ya "letu", maana mkazo wa Kiswahili hukaa silabi ya pili kutoka mwisho. "Tu" ikatua so, "ni" ya mwaloni ikatua do. (Ningetunga kwa Kisukuma ningekuwa na toni pia za kuchunga, yaani sauti ya neno inavyopanda na kushuka.)

Nahau ndiyo haitaki mchezo kabisa. Ukiimba "amekata", ukapumua, ndipo useme "tamaa", msikilizaji ameshawaza mti au kamba ya wavu. Wimbo wetu wa pili unayo, tena mwishoni mwa kifungu kirefu kisicho na mkato. Nimewaambia sauti ya nne wapumue kwa zamu.