A, C na D: mchanganyiko wa VVU Nyanda za Juu Kusini na usugu wa dawa

Malori yanayotoka Dar es Salaam hupita Iringa, Makambako na Mbeya hadi Tunduma, kisha huingia Zambia. Mengine hukatia Uyole kuelekea Kyela na mpaka wa Kasumulu, upande wa pili ni Malawi. Katika nchi hizo mbili za kusini, sehemu kubwa ya VVU ni aina ndogo C. Kaskazini, Kenya na Uganda, zilizozoeleka ni A na D. Mbeya ina zote tatu, na si hivyo tu: wahudumu wa baa wa mkoa huo walipofuatiliwa mwanzoni mwa miaka ya 2000, sehemu kubwa ya virusi vyao vilikuwa chotara, kipande cha A kimeungana na cha C, au cha C na D. Wengine walikuwa na aina mbili kwa wakati mmoja.

Uchotara huo unatokana na namna VVU vinavyozaliana. Kila kirusi hubeba nakala mbili za vinasaba vyake, kila moja ikiwa na herufi zipatazo 9,700. Seli moja ikivamiwa na aina mbili, kirusi kinachotoka kinaweza kubeba nakala moja ya kila aina, na katika uvamizi unaofuata kimeng'enya kinachonakili huruka kutoka nakala hii kwenda ile. Kimeng'enya hicho ni kama karani asiyerudi kusoma alichoandika: hukosea herufi moja katika kila elfu 30 hivi. Kosa hilo huonekana dogo, lakini mwili usio na dawa huzalisha virusi takriban bilioni 10 kwa siku. Kwa hesabu hiyo, karibu kila badiliko la herufi moja linaloweza kutokea, hutokea kila siku, hata kabla mgonjwa hajameza kidonge cha kwanza.

Kwa hiyo dawa haitengenezi usugu. Huchuja. Kirusi chenye badiliko linalokilinda hubaki, wenzake wakifa, na baada ya wiki chache hicho ndicho kilichojaa kwenye damu. Ndiyo sababu dawa hutolewa tatu pamoja: kupata mabadiliko yote yanayohitajika kwa mpigo ni kazi ngumu mno, mradi zote tatu ziwemo kwenye damu kwa kiwango cha kutosha.

Aina ndogo inaingiaje hapa? Huamua njia ya kufikia usugu ni fupi au ndefu. Mfano mzuri ni badiliko linaloitwa V106M, linaloharibu kazi ya dawa za VVU efavirenz na nevirapine. Katika aina B, inayotawala Ulaya na Marekani, eneo hilo huandikwa GTA, na kufika kwenye ATG, ambayo ndiyo V106M, panahitajika makosa mawili. Katika aina C huandikwa GTG: kosa moja linatosha. Vivyo hivyo K65R, badiliko linalopunguza nguvu ya dawa nyingine, tenofovir, hujitokeza kwa urahisi zaidi katika C, kwa kuwa mpangilio wa herufi za jirani hufanya kimeng'enya kiteleze pale pale.

Ushahidi unaotugusa zaidi unatoka kwa akina mama waliopewa dozi moja tu ya nevirapine wakati wa kujifungua, utaratibu uliotumika zamani kumkinga mtoto. Ulinganisho uliochapishwa 2005 uliwapima wiki 6 hadi 8 baadaye. Usugu ulikutwa kwa asilimia 69 ya waliokuwa na aina C, wote wa Malawi, asilimia 36 ya waliokuwa na D, na asilimia 19 ya waliokuwa na A, hawa wakiwa wa Uganda. Dawa ni ile ile, dozi ni ile ile. Nevirapine hukawia kutoka mwilini, hivyo kwa siku nyingi virusi vilibaki na dawa moja dhaifu ya kupambana nayo.

Tangu 2019 Tanzania imehamia TLD, kidonge kimoja chenye tenofovir miligramu 300, lamivudine 300 na dolutegravir 50. Hapa habari ni njema. A, C, D na chotara wao husikia dolutegravir vizuri, na si rahisi virusi kuizoea dawa hii. Kwa maoni yetu, anayetumia TLD hana haja ya kuhangaika kujua kirusi chake ni cha herufi gani. Namba anayopaswa kuijua ni ya wingi wa virusi. Hata hivyo, dolutegravir haijakingwa kabisa. Shirika la Afya Duniani liliripoti mwaka 2024 kwamba miongoni mwa watu wanaoitumia huku virusi vikibaki juu, usugu ulikutwa kwa asilimia 3.9 hadi 8.6, na ulifika 19.6 kwa waliohamishiwa TLD wakiwa tayari na virusi vingi.

Wingi ukizidi nakala 1,000 kwa mililita, swali la kwanza CTC, yaani kliniki ya huduma na tiba ya VVU, ni dawa inamezwaje, na mara nyingi jibu halihusu usahaulifu. Vidonge vya kiungulia vyenye magnesiamu au aluminiamu huishika dolutegravir tumboni isifyonzwe: imeze saa 2 kabla yake au saa 6 baada yake. Madini ya chuma na kalsiamu, ambayo wajawazito hupewa, hufanya hivyo hivyo, ila yanaweza kumezwa pamoja na dolutegravir iwapo ni wakati wa chakula. Rifampicin, dawa ya kifua kikuu, hufanya ini liichome dolutegravir haraka, kwa hiyo mgonjwa huongezewa dolutegravir miligramu 50 saa 12 baada ya TLD. Anayetibiwa TB kituo kimoja na kuchukua ARV kingine ndiye hukosa kidonge hicho cha pili, maana kila upande hudhani mwenzake amekitoa.

Wenzi ambao wote ni WAVIU (watu wanaoishi na VVU) nao huuliza kondomu ni ya nini. Virusi vya mmoja vikiwa juu na vina usugu, mwenzake anaweza kuvipata juu ya vile alivyonavyo, na mchanganyiko ukaanza upya.

Baada ya vikao vya ushauri kuhusu umezaji wa dawa, kipimo cha wingi wa virusi hurudiwa, kwa kawaida baada ya miezi 3 ya kumeza vizuri. Kikibaki juu ndipo kipimo cha usugu huhitajika. Damu ichukuliwe mgonjwa akiwa bado anameza dawa hizo hizo. Akiziacha wiki kadhaa kabla, virusi vya kawaida hurudi na kuvifunika vile sugu. Majibu yatasoma safi, ilhali vile sugu vimejificha ndani ya seli, na vitaibuka dawa hiyo ikirudishwa.