Nyutro Mteremkoni Haiokoi Dizeli: Dhana Zinazowaponza Madereva wa Malori Tanga

Malori ya kabichi, karoti na viazi hushuka Lushoto usiku yakiwahi soko Dar. Kutoka mita kama 1,400 juu ya usawa wa bahari mpaka Mombo ni kilomita 30 na kitu, kona juu ya kona, huku ukuta wa mlima, huku korongo. Hapo ndipo unaposikia ushauri huu: tia nyutro, yaani toa gia, uokoe mafuta.

Hauokoi kitu. Lori likiwa kwenye gia na umeachia pedeli ya mafuta, magurudumu ndiyo yanayozungusha injini na pampu hukata dizeli. Kwenye nyutro injini lazima ichome mafuta isizime. Umepoteza dizeli, na breki ya injini, yaani ule ukinzani wa injini unaozuia mwendo, umeitupa. Mzigo wote sasa umezilalia breki za magurudumu. Dramu, zile ngoma za chuma za breki, zikipata moto hutanuka, lainingi zinazozikaba ndani hazishiki, unakanyaga na gari linazidi kwenda. Kurudisha gia mwendo ukishakolea ni vigumu mno. Mara nyingi inakataa kabisa. Gia ndogo huingizwa juu, kabla mteremko haujaanza: ile ambayo ungepandia, au ndogo zaidi kama mzigo ni mzito.

Ukisikia harufu ya lainingi kuungua, au ukiona moshi kwenye rimu, simama mahali pa wazi, tingo aweke kigingi, breki zipoe zenyewe. Msizimwagie maji. Dramu ya moto ikipigwa na maji baridi hupasuka.

Wapo wanaoamini kwamba lori tupu halina shida kwenye mvua. Nawasihi sana hapa. Breki na springi za lori zimetengenezwa kubeba mzigo. Likiwa tupu, matairi ya nyuma hudundadunda na kufunga upesi, hivyo linaweza kuchelewa kusimama na likateleza ubavu. Kwenye lami yenye utelezi hata breki ya egzosi, ile inayobana moshi wa injini kupunguza mwendo, izime, maana inayashika magurudumu ya nyuma peke yake, na tela linaweza kusukuma kichwa mpaka gari lijikunje.

Na rasharasha je? Hiyo ya kwanza ya vuli ndiyo mbaya. Vumbi na oili vilivyolala barabarani kiangazi kizima vinalowa na kuwa utelezi. Mvua kubwa ikipiga kwa muda, huviosha.

Joto la Tanga nalo lina uongo wake: eti jua likiwaka, punguza upepo tairi lisipasuke. Tairi lenye upepo pungufu hujikunja zaidi kila linapozunguka, na kujikunja huko ndiko kunakolichemsha. Pima asubuhi kabla ya kuondoka, tairi likiwa baridi, ujaze kipimo kinachotakiwa.

La mwisho linaniuma kwa sababu watu wanajiingiza kwa kujiamini: dizeli haina plagi za cheche, basi haiogopi maji. Injini ya dizeli inaishi kwa kubana hewa, na maji hayabaniki. Yakivutwa kwenye silinda, konrodi, mkono unaoshika pistoni, hupinda au block, mwili wa injini, hupasuka. Tena maji yaliyokatiza barabara masika hayakuonyeshi kama lami bado ipo chini yake. Subiri yapungue. Kama umeshaingia na gari likazima katikati, usipige stata tena. Fundi aondoe kwanza maji yaliyoingia kwenye silinda.