Golden retriever hakutoka sarakasi ya Urusi
Wapenda mbwa wa Tabora wakianza kubishana mbwa yupi anafaa kuwinda kware na kanga, utasikia eti golden retriever, mbwa wa kuwinda mwenye manyoya ya dhahabu, alitokana na mbwa wa sarakasi wa Kirusi, walionunuliwa kundi zima na Mwingereza mmoja. Hadithi tamu, ila daftari la ufugaji la bwana huyo, Dudley Marjoribanks (baadaye Lord Tweedmouth), linaikana. Nous, dume la manjano, alimnunua mjini Brighton, Uingereza, mwaka 1865. Mwaka 1868, kwenye shamba lake la Guisachan, Uskoti, Nous alimpanda Belle, jike wa aina ya Tweed Water Spaniel ambayo sasa imetoweka. Wakazaliwa watoto wanne, wote manjano, na hapo ndipo golden retriever alipoanzia. Mrusi hayumo. Kumbukumbu hizo zilichapishwa 1952, wakati uvumi ulikwisha kuzoeleka.