Usafirishaji haramu wa binadamu hauhitaji safari

Taarifa ya habari ya aina hii nimeisikia mara nyingi kiasi kwamba naweza kuimalizia kabla ya mtangazaji: lori limesimamishwa kizuizini, vijana kadhaa wamekutwa wamejificha chini ya turubai, dereva anashikiliwa kwa usafirishaji haramu wa binadamu, na vijana hao, ambao muda mfupi uliopita waliitwa wahanga, watafikishwa mahakamani kwa kuingia nchini bila kibali. Mtu yule yule amekuwa mhanga na mtuhumiwa wa jambo lile lile, na hakuna anayeshtuka. Hashtuki mtu vilevile anapoambiwa kuhusu msichana anayefanyishwa kazi za ndani bila mshahara na bila ruhusa ya kutoka getini kwamba yeye hakusafirishwa, ni mtoto wa ndugu yao tu.

Maana ya kisheria si ndefu. Itifaki ya Umoja wa Mataifa iliyopitishwa mwaka 2000, ambayo wengi huiita ya Palermo na ambayo ilianza kutumika tarehe 25 Desemba 2003, inadai mambo matatu yakutane: kitendo, yaani kumwandikisha mtu, kumsafirisha, kumhamisha, kumhifadhi au kumpokea, njia, kama vile nguvu, vitisho, ulaghai, au kutumia vibaya mamlaka na unyonge wa mtu, na lengo, ambalo ni kumnyonya, iwe kwa ukahaba, kazi ya kulazimishwa, utumwa au kutolewa viungo vya mwili. Njia hizo zikitumika, ridhaa ya aliyenyonywa haihesabiki, na akiwa na umri chini ya miaka 18 njia yenyewe haihitaji kuthibitishwa.

Tatizo linaanza na jina. Vitendo vilivyotajwa ni vitano, na kusafirisha ni kimoja tu kati yake. Kuuita uhalifu wote kwa jina la kitendo hicho kimoja ni kama kuuita mwili mzima mguu. Kiswahili si miongoni mwa lugha sita rasmi za Umoja wa Mataifa, kwa hiyo jina letu ni tafsiri iliyofanywa nyumbani, na naona mfasiri alilitazama neno la Kiingereza, traffic, kwa macho ya leo, linapomaanisha magari yanayopita barabarani, akasahau kwamba neno hilo lilianza na maana ya biashara karne nyingi kabla ya gari la kwanza kuundwa. Wafaransa wanauita uhalifu huu kwa neno lile lile walilotumia kwa biashara ya watumwa, na Wahispania wana la kwao la aina hiyo. Matini ya Kiarabu inatumia neno la mzizi mmoja na tajiri wetu, ambaye zamani alikuwa mfanyabiashara kabla hajawa mtu mwenye mali nyingi. Kiarabu ndicho kilichotupa pia safari. Tulikuwa na mizizi yote miwili mkononi, tukachukua ule usiohusika.

Wapo wanaosema ulanguzi wa binadamu, na kwangu mimi hao wako karibu zaidi na ukweli. Kulangua ni kununua bidhaa kwa wingi ili kuiuza kwa bei ya kuruka, na neno lina harufu ya mtu anayetajirika kwa dhiki za wenzake. Kasoro yake ni kwamba linamfanya msikilizaji atafute bei: nani aliuza, nani alinunua, kwa kiasi gani? Kwa kawaida hakuna aliyemuuza mtu yeyote. Kulikuwa na ahadi ya kazi, deni la nauli lisilokwisha, na pasipoti iliyofungiwa kwenye kabati la mwajiri. Magendo ya binadamu ndiyo yasiyofaa kabisa kwa maana hii, kwa sababu hayo ni kosa jingine lenye itifaki yake, iliyoanza kutumika mwezi mmoja baadaye, Januari 2004. Anayevusha watu kwa magendo anauza huduma ya kuvuka mpaka, anayekosewa kwanza ni dola, na kwa kawaida wakishafika kila mmoja anakwenda zake. Ni kweli kwamba magendo huweza kugeuka usafirishaji haramu, pale mvushaji anapomshikilia abiria wake na kumfanyisha kazi kufidia deni, na ndiyo maana vijana wa kwenye lori wanastahili kuhojiwa kwa makini kabla hawajapewa jina lolote kati ya hayo mawili.

Mpaka wenyewe si sharti. Mkataba mama wa itifaki hizo, ule wa Umoja wa Mataifa dhidi ya uhalifu wa kupangwa unaovuka mipaka, katika ibara ya 34, unazitaka nchi zitambue makosa haya katika sheria zao za ndani bila kujali kama yamevuka mpaka au yametendwa na genge. Mtu anaweza kutendewa uhalifu huu katika mtaa aliozaliwa.

Ningekuwa mtu wa kubishania maneno tu, ningeishia hapo. Lakini jina ndilo linalomwelekeza polisi pa kutazama. Askari aliyefundishwa kutafuta safari ataweka vizuizi barabarani, atakagua mabasi na malori, na jioni atahesabu watu aliowakamata. Mlalamikaji anayeingia kituoni kwa miguu, akisema amefanya kazi mwaka mzima bila malipo na hati zake zimezuiwa, ataelekezwa kwa wanaoshughulikia migogoro ya kazi. Kesi inaandikwa kuwa madai ya mshahara, au ugomvi wa kifamilia, au, pabaya zaidi, ukahaba, na hapo mlalamikaji ndiye anayelala mahabusu. Kanuni zilizotolewa mwaka 2002 na ofisi ya haki za binadamu ya Umoja wa Mataifa zinasema waziwazi kwamba walioathirika wasiwekwe kizuizini wala kushtakiwa kwa kuingia nchini kinyume cha sheria, wala kwa makosa ambayo ni matokeo ya moja kwa moja ya hali waliyotiwa.

Askari anayelielewa kosa lenyewe hufanya kazi tofauti. Humhoji mtu akiwa mbali na aliyemleta, kwa mkalimani ambaye hakuletwa na mwajiri. Huuliza nani anashika pasipoti, deni lilianza kiasi gani na sasa limefika wapi, mara ya mwisho kutoka peke yake ilikuwa lini. Hukusanya jumbe za simu, mkataba na risiti za nauli, ili kesi isibebwe na ushahidi wa mtu mmoja mwenye hofu. Tena hajengi hukumu juu ya maelezo ya kwanza, ambayo mara nyingi hupingana, kwa kuwa mtu huyo ameshaambiwa kwamba polisi watamfunga na familia yake itaadhibiwa. Mahali salama pa kulala hutangulia maelezo ya maandishi.

Jamii nayo ina upofu wake, na unatokana na jina hilo hilo. Watu hutegemea kumwona mgeni mwenye gari lenye vioo vya giza, ilhali anayeandikisha mara nyingi ni shangazi, rafiki wa shule au jirani aliyerudi na nguo nzuri. Kwa hiyo jambo likifichuka, wazee huketi kulimaliza kifamilia, fidia ikalipwa kwa mzazi, na mtoto akarudishwa nyumba ile ile. Vijana wenye hasira huvamia nyumba; picha ya msichana husambazwa kwenye simu za watu kwa nia njema, na mtuhumiwa huiona kabla ya polisi. Jirani, mwalimu au muuguzi husaidia zaidi akiandika alichokiona na siku alipokiona, kisha akakipeleka kwa polisi au ustawi wa jamii bila kumkabili mwenye nyumba. Na aliyerudi kutoka huko asiulizwe mbele za watu ameleta nini, maana wapo waliokubali kurubuniwa mara ya pili kwa kukwepa swali hilo tu.

Sitegemei jina libadilishwe. Limeshaingia katika sheria na mabango, na watu wamelizoea. Ila ukimsikia mtu akisema huyo hakusafirishwa, anaishi na ndugu zake, unaweza kumweleza kwa upole kwamba kumpokea na kumhifadhi mtu vimo katika maana hiyo hiyo, na kwamba akiwa mtoto anayenyonywa hakuna haja hata ya kuthibitisha kuwa alidanganywa.