Utandawazi haujazika serikali

Husikika sana kwamba utandawazi umeifanya mipaka kuwa michoro tu ya ramani, na serikali zimebaki kutazama huku makampuni makubwa yakiamua kila kitu. Sivyo.

Chukua kontena la chuma. Tangu meli ya Ideal X ilipong'oa nanga Newark, Marekani, mwaka 1956 ikiwa na makontena 58, gharama ya kupakia na kupakua mizigo imeporomoka, kweli. Lakini kontena hilohilo halitoki bandarini mpaka forodha waridhie, na ushuru wake hupangwa na serikali.

Hata Shirika la Biashara Duniani, lililoanza 1995 na ambalo wengi hulidhania kuwa serikali ya dunia, huamua kwa makubaliano ya wanachama wake. Desemba 2019 chombo chake cha rufaa za migogoro ya biashara kati ya nchi kilikwama kwa kukosa majaji, kwa sababu Marekani ilizuia uteuzi. Nchi moja tu!

Kilichobadilika ni gharama ya kukataa biashara na nchi nyingine. Anayefunga mlango leo huumia naye, maana viwanda vyake vinasubiri vipuri kutoka nje. Na nchi ndogo yenye madeni, tuseme ukweli, haiwezi kuwa na ujeuri wa Marekani.