Ukame wa mpigaji katika besiboli: maana yake na ugumu wa kuupima

Mshabiki wa soka anaujua ukame wa mabao. Mshambuliaji aliyekuwa akifunga kila wiki anapitisha mechi sita mfululizo bila bao, na kijiweni watu wanagawanyika mara moja: hawa wanasema amekwisha, wale wanasema mpira umemkataa tu na utarudi. Besiboli nayo ina ukame wake, na ubishi unaouzunguka ni mkali zaidi, kwa sababu kila timu ya Ligi Kuu ya Marekani hucheza mechi 162 katika msimu wa kawaida, karibu kila siku, na kila siku huongeza takwimu mpya za kugombania.

Ukame wa mpigaji ni kipindi ambacho mchezaji anapata hiti, yaani mapigo yenye mafanikio, chache kuliko kiwango chake cha kawaida. Maneno matatu ya mwisho ndiyo yenye uzito wote. Ukame ni ulinganisho, na mtu hawezi kulinganisha wiki mbili za mchezaji na kitu asichokijua. Kwa hiyo ubishi mwingi unaoonekana kuwa juu ya wiki hizo mbili kwa kweli ni ubishi juu ya kiwango cha kawaida chenyewe, yaani huyu mtu ni mpigaji wa namna gani hasa.

Kipimo kinachotumiwa na wengi ni wastani wa upigaji. Mpigaji husimama na gongo lake mbele ya mrushaji aliye umbali wa mita 18.4, na mpira wenye kasi ya kilomita 150 kwa saa humfikia kwa muda usiotimia nusu sekunde. Akiugonga na kufika salama kwenye besi ya kwanza, kituo cha kwanza kati ya vinne ambavyo mkimbiaji huvizunguka, au zaidi, bila walinzi kumtoa na bila kusaidiwa na kosa lao, amepata hiti. Idadi ya hiti ikigawanywa kwa idadi ya zamu rasmi za kupiga, jibu ndilo wastani. Besi ya bure, ambayo mpigaji hupewa mrushaji anapokosea kulenga mara nne, haihesabiwi kama zamu rasmi. Mwaka 1941 Ted Williams wa Boston Red Sox alipata wastani wa 0.406, na hata katika msimu huo uliotukuka alishindwa karibu mara sita katika kila zamu kumi. Siku hizi wastani wa ligi nzima uko karibu na 0.245. Upande wa chini kuna mpaka wa 0.200, ambao Wamarekani wanauita mstari wa Mendoza kwa jina la Mario Mendoza, mchezaji kutoka Mexico aliyecheza ligi hiyo kati ya 1974 na 1982. Mwenyewe alimaliza maisha yake ya mchezo akiwa na 0.215, juu ya mpaka unaobeba jina lake, jambo ambalo naliona kuwa si haki.

Tuchukue sasa mpigaji ambaye uwezo wake halisi ni 0.270, na tumpe zamu 40, yaani kazi ya siku kumi hivi. Kwa hesabu tungemtarajia apate hiti 11. Lakini bahati peke yake, bila ugonjwa, bila woga na bila kubadilika kwa lolote katika mikono yake, inatosha kumpa hiti 8 wiki hizi na hiti 14 wiki zijazo, na yote mawili yakawa mambo ya kawaida kabisa. Mara moja hivi katika kila vipindi 18 vya namna hiyo atapata hiti 6 au pungufu, ambayo ni 0.150. Timu ziko 30 na kila moja ina wapigaji tisa katika orodha ya siku. Kama wote 270 wangekuwa na uwezo huo huo wa 0.270, basi katika siku kumi zozote tungekuta kama 15 kati yao wako kwenye 0.150 au chini yake bila kuwa na kasoro yoyote. Kila mmoja wao angekuwa na mashabiki wanaodai apumzishwe, na pengine mchambuzi wa televisheni anayeonyesha kwa mkanda wa polepole jinsi bega lake linavyofunguka mapema.

Tatizo jingine la wastani ni kwamba unachanganya mambo mawili yasiyofanana: kuukosa mpira, na kuugonga ukadakwa. Chukua wapigaji wawili, kila mmoja na hiti 6 katika zamu 40, na moja kati ya hiti hizo ni homurani, mpira uliopita juu ya uzio. Wa kwanza ametolewa kwa straiki tatu, yaani bila kuutuma mpira uwanjani, mara 8. Ukiondoa hizo 8 na ile homurani, inabaki mipira 31 aliyoituma ndani ya uwanja walinzi wakiwa na nafasi ya kuicheza, na mipira 5 tu ndiyo iliyozaa hiti. Hiyo ni 0.161. Wa pili ametolewa kwa straiki tatu mara 18, hivyo mipira iliyochezwa ni 21, na mipira 5 ikazaa hiti; hiyo ni 0.238. Katika ligi hii, wastani wa mipira iliyochezwa ndani ya uwanja hukaa karibu na 0.300 mwaka hadi mwaka. Mpigaji wa kwanza, kwa hiyo, anaugonga mpira mara nyingi ila unaangukia mikononi mwa watu. Mpigaji wa pili hauoni mpira. Ubao wa matokeo unawaandikia wote 0.150. Mimi ningemsubiri wa kwanza bila wasiwasi mkubwa, na ningetaka kujua haraka wa pili ana nini, kwa sababu idadi ya straiki tatu huanza kueleza ukweli baada ya zamu kama 60 tu, ilhali wastani wa mipira iliyochezwa huhitaji zaidi ya msimu mzima kabla ya kuaminika.

Tangu 2015 kuna njia ya kukaribia ukweli zaidi, kwani viwanja vyote vya Ligi Kuu vilifungwa mtambo wa Statcast unaopima kasi na pembe ya mpira unapotoka kwenye gongo. Mpira unaotoka kwa kasi ya kilomita 153 kwa saa au zaidi huhesabiwa kuwa umegongwa kwa nguvu. Hapo mtu anaweza kuona kwamba mpigaji anayezomewa aligonga mipira mitatu ya namna hiyo jioni moja, mmoja ukamlenga mlinzi kifuani, wa pili ukadakwa chini ya uzio na mlinzi wa nyuma aliyekimbia akiwa ameupa uwanja mgongo, na wa tatu ukazimwa na upepo. Wakati mwenzake aliugusa mpira kwa ncha ya gongo, ukapaa kama mwavuli na kutua taratibu mahali ambapo hapakuwa na mtu, akashangiliwa. Karatasi ya mechi itasema kwamba wa kwanza amekosa mara tatu na wa pili amepata hiti. Ninakiri kwamba kuna mashabiki wanaoutumia mtambo huu kama dawa ya kila kitu, na wanaweza kumtetea mtu kwa kasi za mipira yake hata baada ya mwaka mzima bila hiti za maana.

Maana si kila ukame ni bahati. Mkono wenye maumivu yaliyofichwa hupunguza kasi ya gongo. Mguu wa mbele ukitua kwa kuchelewa, hata kwa sehemu ndogo sana ya sekunde, mpira wa kasi unapita. Na warushaji husoma: timu zote zina watu wanaochambua mikanda, na mpigaji akionekana hawezi kuufikia mpira wa kasi ulio juu karibu na kifua, au anaufukuza mpira unaopinda na kuzama nje ya eneo halali, habari hiyo husambaa na kila mrushaji anayekutana naye humrushia hapo hapo mpaka atakapothibitisha kwamba amejifunza. Ukame wa aina hii hauondoki kwa kusubiri. Unaondoka mpigaji akibadilika, na dalili yake ya kwanza haiko katika hiti bali katika mipira anayoanza kuiacha ipite.

Kwa mchezaji mkongwe angalau kuna miaka ya nyuma ya kulinganisha. Kwa chipukizi hakuna, na hapo ndipo neno ukame linapoanza kupoteza maana, kwa sababu hatujui kama ameshuka chini ya kiwango chake au kama hicho ndicho kiwango chake. Kinachotumika badala ya historia ni makadirio. Wasaka vipaji humpa kijana alama kati ya 20 na 80 katika mambo matano, ambayo ni kupiga hiti, nguvu, mbio, ulinzi na kurusha, ambapo 50 ni kiwango cha mchezaji wa kawaida wa Ligi Kuu. Halafu huangalia alivyofanya katika ngazi za ligi ndogo na umri aliokuwa nao hapo. Kijana wa miaka 20 anayemudu ngazi ya Triple-A, hatua moja tu chini ya Ligi Kuu, akishindana na watu wa miaka 26 na 27, ana uzito tofauti na mtu wa miaka 26 mwenye takwimu hizo hizo.

Jackson Holliday alikuwa kijana wa namna hiyo. Baltimore Orioles walimchagua wa kwanza kabisa timu zilipogawana chipukizi mwaka 2022, na tarehe 10 Aprili 2024, akiwa na miaka 20, alianza kucheza Ligi Kuu. Katika mechi kumi alipata hiti 2 kwa zamu 34 na kutolewa kwa straiki tatu mara 18, kisha akarudishwa Norfolk katika Triple-A. Kwa kipimo cha wastani pekee tungesema zamu 34 ni chache mno kumhukumu mtu, na ni kweli. Lakini straiki tatu 18 katika zamu hizo hazikuwa bahati mbaya, na klabu ilifanya sawa kumwondoa akajirekebishe. Aliporejeshwa tarehe 31 Julai alipiga homurani yake ya kwanza besi zote zikiwa zimejaa.

Wapo waliopewa subira papo hapo. Willie Mays alitoka Minneapolis, timu ya ligi ndogo, mwaka 1951 akiwa na wastani wa 0.477 katika mechi 35, akajiunga na New York Giants na kupata hiti 1 katika zamu zake 26 za mwanzo. Meneja wake, Leo Durocher, hakumtoa kikosini. Mays alimaliza msimu na 0.274, homurani 20 na tuzo ya mchezaji bora mgeni. Mike Trout, aliyeanza mwaka 2011 akiwa na miaka 19, alipata 0.220 katika mechi 40 msimu huo. Mwaka uliofuata alipata 0.326. Mashabiki hupenda kuwataja hawa wawili kila kijana wao anapokwama, na hapo ndipo ninapokuwa na shaka, kwa kuwa hakuna anayemtaja Jarred Kelenic wa Seattle, ambaye mwaka 2021 alifika akiwa miongoni mwa chipukizi waliosifiwa kuliko wote na kumaliza msimu na 0.181 katika mechi 93. Wale waliofaulu tunawakumbuka kwa sababu walifaulu.

Subira pia haina bei moja kwa kila mtu. Mchezaji anayelinda kati ya besi ya pili na ya tatu, nafasi ngumu kuliko nyingi, huvumiliwa akiwa na gongo dhaifu, kwa sababu mipira anayoizuia ni hiti ambazo wapinzani hawazipati. Ndivyo Mendoza alivyodumu, na ndivyo Gift Ngoepe wa Afrika Kusini, aliyesajiliwa na Pittsburgh Pirates mwaka 2008 akiwa hodari wa ulinzi na mwenye gongo la mashaka, alivyosogea ngazi kwa ngazi hadi tarehe 26 Aprili 2017 alipokuwa mzaliwa wa kwanza wa Afrika kucheza Ligi Kuu, na kupata hiti katika zamu yake ya kwanza. Mlinzi wa besi ya kwanza hana kinga hiyo. Analipwa ili apige.

Chris Davis alikuwa mlinzi wa besi ya kwanza wa Baltimore. Mwaka 2013 alipiga homurani 53, nyingi kuliko mtu yeyote katika Ligi Kuu msimu huo, na mapema mwaka 2016 akatia saini mkataba wa miaka saba wa dola milioni 161. Msimu wa 2018 alipata 0.168. Kuanzia Septemba mwaka huo hadi Aprili 2019 alipitisha zamu rasmi 54 bila hiti, rekodi ya mpigaji asiye mrushaji. Bahati ilichangia, kwani hata mpigaji dhaifu kiasi hicho hutarajiwa kupata hiti kadhaa katika zamu nyingi namna hiyo. Lakini waliosema ni ukame, na waliosema amekwisha, safari hii walikuwa wakitazama mtu ambaye kiwango chake cha kawaida kilikuwa kimeshuka mpaka kukutana na ukame wake. Tarehe 13 Aprili 2019, uwanjani Fenway Park, mpira wake ulipenya hadi uwanja wa nyuma na kuingiza wakimbiaji wawili. Alipata hiti 3 siku hiyo, na msimu aliumaliza na 0.179.