Roboti haikati goti lako, msumeno nimeshika mimi

Jamani nimechoka. Kila nikitaja goti bandia lazima mtu aulize "daktari si utaniwekea kwa roboti, ile akili mnemba haikosei?" Sasa naandika, ukiniuliza tena nakutumia linki.

Roboti nyingi za magoti siku hizi hazikati zenyewe. Msumeno nashika mimi, mkono wa mashine unanizuia tu nisivuke mpaka, na nyingine zinashikilia tu kile kipande cha kuongozea msumeno, basi. Iliyochonga yenyewe ilikuwepo, ROBODOC, 1992 huko Sacramento, Marekani, na hiyo ilikuwa nyonga. Akili mnemba kazi yake kubwa ni kabla ya thieta, kuuchambua mfupa kwenye CT skan na kukisia saizi. Hilo inaliweza, tuendelee.

Kinachoniudhi ni hiki: mashine haioni goti. Inaona vigololi vinavyong'aa kwenye fremu niliyoifunga kwa pini kwenye paja na muundi, halafu mimi nagusa mfupa kwa kalamu, nukta baada ya nukta, ndo ijue uko wapi. Sasa mtu aigonge fremu kwa kiwiko, au pini ilegee kwenye mfupa mlaini, skrini wala haishtuki, itakuonyesha kosa la nusu digrii tu, kwa kujiamini kabisa, wakati kila kitu kimehama. Ndo maana kuna nukta ya kukagulia kwenye mfupa, unaigusa tena kwa kalamu kabla ya kukata uone kama bado iko palepale, na usiporudia anayeumia sio wewe. Miwani nayo! HoloLens, ile miwani ya kompyuta inayochora picha juu ya unachokitazama, inaweka picha kama mita 2 mbele ya macho, goti liko nusu mita, jicho linavutwa huku na huku. Kufundishia naipenda sana. Kukatia naangalia namba, sio mstari unaoelea hewani.

Na hata ukikata sawasawa, sawasawa na nini? Tulifundishwa nyonga, goti na kifundo vikae mstari mmoja, ukikosea isizidi digrii 3. Ila kuna watu kibao wana matege yao kidogo tangu wakue, ukiwanyoosha kano za ndani zinabana mpaka uzilegeze, kwa hiyo wengine tunawaachia tege lao kidogo. Kidogo kiasi gani? Hapo mabingwa bado wanabishana, mimi mwenyewe nabadilika kulingana na mguu ulio mbele yangu. Roboti imepunguza pembe zilizopotoka, hilo sibishi, lakini takriban mgonjwa 1 kati ya 5 bado haridhiki na goti jipya, na sidhani digrii ndo zinamsumbua.